Sauti Aliyoisikia Opereta

Giza lilipoingia na dada yangu hajarudi, nilianza kusugua sufuria ambazo zilikuwa safi. Ndivyo nilivyo. Mtu wangu akichelewa, mikono haitulii. Simu yake tulikuwa tumeiona kitandani, kaiacha makusudi, maana dada hapendi simu za mkononi. Husema simu isiyo na mtu katikati haina adabu.

Binti yangu alikuwa ameketi mezani na makaratasi mbele yake, hayasomi. Anafanya kazi chuo kikuu, katika chumba kimoja nyuma ya maktaba ya zamani, pamoja na profesa na mwenzake mmoja. Wanaandika historia ya chuo tangu kilipofunguliwa. Si kazi ya kukaa na vitabu tu. Huwatafuta watu waliokuwepo, wapishi, walimu, madereva, waliohitimu na waliofukuzwa, na kuwarekodi kwa kinasa sauti. Sura ikishaandikwa, wanarudi kwa kila aliyetoa ushahidi na kumsomea sehemu yake, ili aseme kama pamekosewa. Bila hivyo sura haiendi kwa mchapaji. Profesa ndiye aliyeweka utaratibu huo, na hana mchezo nao.

Jioni ile ilikuwa zamu ya dada kusomewa. Alikuwa opereta wa simu wa chuo tangu usichana wake hadi ilipoletwa mitambo inayojiunganisha yenyewe. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia. Binti yangu alisoma habari za mwaka ambao chuo kilifungwa, akafika mahali palipoandikwa kwamba askari waliitwa bwenini kwa simu na mlezi wa bweni la wavulana, na kwamba jambo hilo lilithibitishwa na opereta aliyekuwa zamu.

"Rudia hapo," dada akasema.

Binti yangu akarudia. Dada akavaa viatu vyake vya kamba, vile anavyovaa akienda mbali, akatoka bila kuaga.

"Mama, kwani nimesema nini kibaya?" binti yangu aliniuliza, pengine kwa mara ya kumi.

"Hujasema wewe. Umesoma."

"Ni ushahidi wake mwenyewe. Uko kwenye taarifa ya tume ya uchunguzi. Alihojiwa."

"Mimi sijui mambo ya tume. Najua dada yangu akivaa vile viatu."

Kila pikipiki iliyopita nje nilidhani inatuletea habari. Kichwani mwangu nilikwisha kumwona amegongwa, ameanguka mtaroni, amesahau njia. Binti yangu aliniambia niketi, nikaketi, nikasimama tena. Mtaa ulikuwa umeshalala tuliposikia lango likisukumwa. Alikuwa mlinzi wa chuo, kamshika dada kiwiko kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba sinia la vikombe.

"Nimemkuta jengo la utawala," mlinzi alisema. "Kakaa sakafuni nje ya stoo ya chini. Nikamwambia bibi, hapa pamefungwa tangu saa za kazi zilipokwisha. Akanijibu, najua, mimi ndiye nilikuwa napafunga."

Tulimshukuru, akaenda zake. Stoo ile ndiyo iliyokuwa chumba cha simu. Dada aliketi, akafungua kamba za viatu taratibu, akaviweka sambamba chini ya kiti. Nilimpa maji. Aliyanywa yote kabla ya kumtazama mpwa wake.

"Hiyo sura usiipeleke," alisema. "Mlezi hakupiga simu ile."

*

Wanaosoma habari hii hawamjui dada yangu, kwa hiyo nieleze alivyo.

Mama yetu alitutoka mimi nikiwa sijui kujifunga kamba za viatu, na dada ndiye aliyenifunga. Baba alikuwa tarishi wa posta, mtu wa kutembea, nyumbani alikuja kulala tu. Shule mimi niliishia pale wengi wa rika langu walipoishia. Dada alivuka kidogo, kisha akaacha ili mimi nivae sare. Hajawahi kunikumbusha hilo hata tukigombana, na tumegombana sana.

Chuo kilipofunguliwa, majengo bado yananuka rangi, walitangaza kwamba wanatafuta msichana mwenye sauti safi. Walikwenda wengi. Waliwaketisha nyuma ya pazia, mmoja mmoja, wakawasomesha majina ya watu na ya miji, na upande wa pili wakakaa wakubwa wanasikiliza bila kuona sura. Dada husema hiyo ndiyo siku pekee katika maisha yake ambayo gauni lake lililobanduka ukosi halikumponza.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mama mmoja mnene, mla peremende, aliyekuja na ule ubao wa simu kutoka posta kuu. Ubao ulikuwa mkubwa kama kabati la nguo, umejaa matundu, na juu ya kila tundu kibati kidogo. Mtu akiinua simu chumbani kwake, kibati chake kinaanguka, tak, na opereta anachomeka waya na kumuuliza anataka nani. Kwa hiyo opereta alijua simu imetoka chumba gani kabla hajamsikia anayepiga. Akishamuunganisha, sharti atoe sikio lake.

Yule mama alimpa sheria moja, na dada aliishika kama kiapo. Ukiulizwa na wakubwa simu imetoka wapi, taja laini. Usitaje sauti. Laini ni mali ya chuo, sauti ni ya mwenyewe. Waliokiuka hilo, alisema, hawakumaliza mwezi kazini, na hawakustahili kumaliza.

Kwenye orodha ya simu za chuo, chumba cha opereta kilikuwa namba sifuri, na ndiyo maana chuo kizima kilimwita dada yangu Sifuri. Mwalimu mmoja wa hesabu alipenda kumtania kwamba yeye ndiye sifuri pekee duniani anayelipwa mshahara. "Na wewe ndiye namba pekee inayochelewa kulipa bili," dada alimjibu. Alikuwa na maneno yake. Lakini ya kwenye waya hayakutoka. Alijua nani kafiwa kabla mfiwa hajajua. Mara nyingi ilimbidi kulipigia bweni na kusema kwa sauti yake ile ile tulivu, "Mwiteni fulani, ana simu kutoka nyumbani," huku moyoni anajua kijana anakimbia ngazi kwenda kuambiwa baba hayupo. Alirudi nyumbani akala chakula chake kimya. Nilikuja kujifunza kuzisoma siku hizo kwa namna alivyokata mkate, vipande vidogo vidogo, asivyovila.

Mimi mwenyewe nilipigwa na sheria ile. Mume wangu alikuwa dereva wa chuo. Alikuwa na mwanamke mji wa pili, na akimpigia kutoka karakana, nani alimuunganisha? Dada yangu. Mwaka mzima. Aliponiacha na mtoto mgongoni, nikaja kujua kwamba dada alijua, nilimwendea nikiwa nawaka.

"Ulikuwa unawaunganisha kwa mkono wako," nilimwambia.

"Nilikuwa kazini."

"Mimi ni damu yako."

"Ndiyo. Na ningeanza na wewe, kesho ningemwambia jirani, keshokutwa mke wa mkuu wa chuo. Ningekuwa redio, mdogo wangu."

Sikumsemesha kwa muda mrefu. Alikuwa akija na unga na sabuni, anaviweka mlangoni, anaondoka. Baadaye nilichoka kukasirika, tukahamia pamoja, akamlea binti yangu kama wake. Lakini nilibaki na jambo hili: nilijua dada yangu anaweza kukaa na kitu tumboni, akakuangalia usoni, na usione hata kope ikicheza.

*

Mwaka ule chuo kilipofungwa, wanafunzi walikuwa wamegoma. Wengine walisema ni chakula, wengine ni wenzao waliofukuzwa. Jioni moja walikataa kutoka bwenini na kukataa kulala. Kabla ya usiku wa manane askari waliingia. Milango ilivunjwa, watu walipigwa wakiwa vitandani, na kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alianguka kutoka ngazi za nje, hakuamka tena. Asubuhi chuo kilitangazwa kufungwa, na wanafunzi wakatawanywa makwao kwa malori.

Mji mzima uliuliza swali moja: nani aliwaita? Tume ikaundwa. Wakamwita dada. Naikumbuka siku hiyo kwa sababu aliazima skafu yangu. Walimuuliza simu ya kwenda polisi ilitoka wapi, akajibu ilitoka chumba cha mlezi wa bweni. Wakamshukuru, akatoka.

Mlezi alisema hakuwa chumbani, alikuwa ghorofa ya juu anawabembeleza vijana walale. Waliokuwa naye huko juu walikuwa wameshasafirishwa, na hakuna aliyewaita kuhojiwa. Wengine wakasema alipanda makusudi, awazuie wasikimbie. Tume ikaandika kwamba simu aliipiga yeye. Chuo hakikumfukuza, kilimstaafisha kimya kimya, na jina la msaliti likamganda. Vijana waliorudi chuo kilipofunguliwa waliliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba yake. Waliofuata, ambao hata hawakumjua, waliwaonyesha wenzao: yule pale ndiye.

Usiku ule wa viatu, mezani, dada alituambia yaliyokuwa kwenye waya. Kibati cha chumba cha mlezi kilianguka. Alichomeka, akauliza, na aliyejibu alikuwa Msajili wa chuo, ambaye dada alikuwa akimhudumia kila siku ya Mungu na ambaye sauti yake angeijua hata usingizini. Alitaka polisi. Dada alimuunganisha, lakini laini ilikuwa inakatika, ikambidi abaki na sikio hadi itulie sawasawa. Kwa hiyo alisikia. "Njooni sasa hivi," Msajili alisema. "Mlezi yuko juu nao, milango ya chini iko wazi." Basi.

Msajili alikwisha fariki zamani. Alizikwa kwa heshima na picha yake ipo kwenye ukumbi.

Binti yangu alikuwa ameshika kalamu, haandiki. "Mama mkubwa," alisema, "kwa nini hukuiambia tume?"

"Waliniuliza laini. Nikawapa laini."

"Mtu alikuwa amekufa."

"Najua aliyekufa. Mimi ndiye niliyempigia simu baba yake."

"Halafu ukanyamaza."

"Nilidhani wana njia zao. Watu wazima, wasomi, wamevaa suti, wana mashahidi wengine. Nilidhani nikishawapa laini wataifuata wenyewe mpaka mwisho wake." Aliikunja ncha ya kitambaa cha meza, akaikunjua. "Walipoandika walivyoandika, nilijiambia siyo mimi niliyesema. Nimejiambia hivyo mpaka nikazeeka. Leo umenisomea kwamba ni mimi."

Nilitaka binti yangu aishie hapo, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Lakini ana ulimi wa mama yake mkubwa, siyo wangu.

"Ulimtunzia baba siri yake," alisema polepole. "Ukamtunzia Msajili yake. Wanaume wote wa chuo kile walikuwa salama kwako, mama mkubwa, isipokuwa mmoja."

Dada aliinuka, akaosha ile glasi ya maji, akaifuta, akaenda kulala. Mimi nilikesha nasikiliza kama anapumua.

*

Kesho yake profesa alikuja nyumbani. Ni mtu mpole, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliketi kwenye kiti kibovu, maana nilisahau kumwonya, na akajifanya hajaona kwamba kinayumba. Alimsikiliza dada mpaka mwisho.

"Mama, hilo ni neno zito," alisema. "Msajili hawezi kuinuka akajibu."

"Mlezi alijibu, Profesa. Hakusikilizwa."

Profesa aliinamisha kichwa. "Ni kweli. Basi nikuambie ilivyo. Sura hii inaondoka kesho jioni, mchapaji hatatungoja tena. Nikiwa na sauti yako kwenye mashine, ikisema uliyotuambia, naiandika. Nisipokuwa nayo, nilicho nacho ni taarifa ya tume, na jina la Mlezi litabaki humo."

"Si mnaweza kuandika tu kwamba simu ilitoka bwenini?" nilidakia. Nilikuwa naogopa. Niliona dada akiitwa huku na huku, ndugu za Msajili wakija mlangoni, binti yangu akipoteza kazi. Mama akiwa na hofu hupenda maneno yasiyomgusa mtu.

"Tunaweza," profesa alisema. "Kila mtu atasoma 'bwenini' na atamwona mlezi."

Tulimtazama dada. Nilitegemea atakubali pale pale. Badala yake alitikisa kichwa.

"Sitasema kwenye mashine kabla sijamwambia mwenyewe. Laini ilikuwa ya chumba chake. Ruhusa ni yake."

"Mama mkubwa, hiyo sheria ndiyo iliyotufikisha hapa," binti yangu alisema.

"Siyo sheria sasa. Ni aibu. Mnataka asome kitabuni kwamba nilijua? Mtu akikuibia, anakuja kukuambia kupitia gazeti?"

Profesa alisema tu, akivaa viatu, kwamba mara mbili amekwenda kumtafuta mzee yule kwa ajili ya historia, na mara zote mbili mlango haukufunguliwa.

*

Tulikwenda siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, watatu. Binti yangu alibeba kinasa sauti kwenye mfuko wa kitambaa. Dada alivaa vile viatu. Njiani hakuzungumza, ila tulipofika kona alisimama, akakohoa kidogo kusafisha koo, kama alivyokuwa akifanya zamani akiingia zamu.

Nyumba ya Mlezi ni ya mwisho kwenye kichochoro, nyuma ya maghala. Ukuta umepakwa chokaa mara nyingi hata umenenepa, na nilijua kwa nini umepakwa. Mlango ni wa mbao, umepauka, chini umeliwa na maji hivi kwamba kuna mwanya wa kupitisha vidole. Kizingiti kilikuwa kimefagiwa. Hilo liliniuma: mtu asiyepokea wageni, na anafagia kizingiti.

Dada alibisha hodi. Akabisha tena.

"Nani?" Sauti ilikuwa ya mzee, lakini si dhaifu.

Dada alifungua mdomo, akaufunga. Nadhani hakujua ajitambulishe vipi kwa mtu huyu.

"Sifuri," alisema mwishowe.

Tulisikia kiti kikisogea, halafu hatua.

"Sifuri wa simu?"

"Ndiyo, Mlezi."

"Umetumwa na wale wa kitabu?"

"Sijatumwa. Nimekuja kukuomba ruhusa."

"Chuo kuniomba mimi ruhusa," sauti ilisema, na kikatoka kitu kama kicheko. "Haya. Ya nini?"

Nilimshika dada mkono, akautoa mkononi mwangu kwa upole. Aliusogelea mlango mpaka paji la uso likakaribia mbao.

"Usiku ule kibati chako kilianguka," alisema. "Nikachomeka. Aliyekuwa kwenye simu hakuwa wewe. Alikuwa Msajili. Niliijua sauti."

Mwanamke mmoja alipita na ndoo, akatutazama, akaendelea na safari yake. Ndani hakukuwa na sauti yoyote. Nilianza kuogopa kwamba mzee ameanguka, nikaangalia ule mwanya wa chini, nikaona kivuli cha miguu yake. Alikuwa amesimama karibu kabisa nasi, upande wa pili wa mbao.

"Uliijua lini?" aliuliza.

"Pale pale."

"Ulipokaa mbele ya tume ulikuwa unaijua?"

"Nilikuwa naijua."

"Na sokoni? Tukikutana sokoni nakuuliza habari za nyumbani, unanijibu njema?"

"Nilikuwa naijua, Mlezi."

"Nilikuwa nakusalimia kwa sababu watu wengine walikuwa hawaitikii," alisema. "Nilijisemea, huyu angalau anaitikia."

Dada hakusema samahani. Nilitamani aseme, nikamgusa mgongoni. Baadaye nilielewa kwamba neno lile lingemtaka mzee atoe jibu, na dada hakutaka kumdai chochote.

"Mke wangu hakuniuliza hata siku moja," sauti iliendelea. "Miaka yote. Alikuwa ananitazama tu nikiwa nakula. Amekufa bila kuniuliza. Unajua kwa nini mtu hamuulizi mume wake jambo kama hilo?"

"Najua."

"Kwa sababu anaogopa jibu. Basi."

Binti yangu alikuwa analia bila sauti, uso ameugeuzia ukutani. Mimi nilishindwa kuvumilia. "Shemeji," nilimwita, sijui kwa nini nilimwita hivyo, "fungua basi tuseme ndani. Hapa watu wanapita."

"Wapite. Nilipoitwa msaliti ilikuwa nje. Na hili lisemwe nje."

"Kwa hiyo umeruhusu?" dada aliuliza.

"Andikeni. Lakini msiandike nusu. Mkiandika kwamba Msajili alipiga, andikeni na kwamba wewe ulijua, na ulinyamaza, na kwamba nilikuwa nakusalimia. Wajukuu wa hao walioniandikia ukutani wasome yote."

"Nitasema yote."

"Sema basi. Nasikiliza."

Dada alimgeukia binti yangu. "Washa mashine, mwanangu."

Binti yangu alifuta uso kwa mkono wa gauni, akatoa kinasa sauti, akakishika juu kati ya mdomo wa dada na mlango. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Dada alinyoosha mgongo. Sauti iliyomtoka sikuwa nimeisikia tangu walipong'oa ule ubao, safi, isiyo na haraka, kila neno limesimama peke yake. Alitaja jina lake lote. Alitaja kazi yake na chumba alichofanyia. Alisema kibati gani kilianguka. Kisha, kwa mara ya kwanza katika ushahidi wake, alimtaja mtu kwa sauti aliyoisikia kwenye waya, na maneno aliyoyasema yule mtu, na alichoulizwa na tume, na alichojua wakati anajibu. Alisema kuhusu sokoni. Hakujitetea kwa sheria ya yule mama wa peremende, hakuitaja kabisa. Watoto wawili waliokuwa wakicheza kichochoroni walisimama kumsikiliza kama anasoma taarifa ya habari. Kwenye mwanya wa chini kile kivuli hakikusogea.

Alipomaliza, binti yangu alikisogeza kinasa sauti karibu na mbao. "Mzee wangu," alisema, "kuna unalotaka kuongeza?"

"Hapana. Amesema sawasawa."

"Tunaweza kukusalimia uso kwa uso?" Aliyeuliza nilikuwa mimi.

Dada alibaki amesimama, mikono imeshuka kando, anautazama mlango. Nilisikia pumzi yake na nikasikia ya mzee, hivyo ndivyo walivyokuwa karibu. Kisha kivuli kilijiondoa kwenye mwanya, mguu mmoja, halafu wa pili. Hatua zikaenda ndani polepole, na kiti kikalia kwa uzito wa mtu anayeketi. Tulingoja mpaka jua likahamia upande wa pili wa kichochoro, na binti yangu akawa anatazama saa kwa ajili ya mchapaji. Mlango haukufunguliwa.